Amua Kabla Hujachoka

(Hotuba kwa wanafunzi watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi)

Mabibi na mabwana, wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokuja kuwasindikiza wenzi wenu na wazazi wenu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya vikwazo, na aliyenialika alitumaini kwamba nitawatia moyo. Nitajitahidi. Ila sikuja na yale maneno ya "kaza mwendo, utafika". Mmeshayasikia vya kutosha, na mtu anayeamka alfajiri asome kabla ya kwenda kazini hahitaji kufundishwa bidii na mzungumzaji aliyelala mpaka jua limechomoza.

Nitaanza na mbio moja. Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, ilikimbiwa marathoni ya wanaume ya Michezo ya Olimpiki. Jiji lile limekaa juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na asiyeizoea hukatwa pumzi mapema. Walioanza mbio walikuwa 75. Waliofika mwisho walikuwa 57.

Wa 57 alikuwa Mtanzania, John Stephen Akhwari. Njiani misuli ilimkaza, akaanguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshashuka, watazamaji wengi wameshakwenda zao, naye anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilizunguka dunia: nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Hadithi hiyo mnaijua. Sijui semina hata moja ya kutiana moyo ambayo haijaisimulia. Sasa niwaletee mtu wa pili wa mbio zilezile, ambaye semina hazimtaji. Abebe Bikila, Mwethiopia, bingwa mtetezi, alitoka barabarani baada ya kilomita kama 17. Mguu wake ulikuwa umeumia tangu kabla ya siku ile. Akaacha.

Kabla hamjamhukumu, kumbukeni ni nani. Roma, mwaka 1960, alishinda marathoni akikimbia pekupeku kwa kuwa viatu alivyopata havikumkaa vizuri, na akaweka rekodi ya dunia. Tokyo, mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa na kutolewa kidole tumbo, alishinda tena na kuweka rekodi tena. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Huyo si mtu wa kuogopa maumivu.

Basi nawauliza: siku ile nani alifanya sawa? Nikiuliza hivi, mikono karibu yote hunyooshwa kwa Akhwari. Mimi naona wote wawili walikuwa sawa. Akhwari, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa na kazi ya kumaliza, na kazi hiyo goti lilikuwa bado halijaiondoa mikononi mwake. Bikila alikwenda kutetea ubingwa. Kufikia kilomita ya 17 ubingwa ule haukuwepo tena; kilichobaki mbele yake kilikuwa kilomita 25 za kuuharibu mguu. (Na niseme hili kwa ajili ya heshima ya Akhwari: wanaomtaja kama mkimbiaji dhaifu mwenye moyo mkubwa wanamkosea. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu aliyepatwa na siku mbaya.)

Ujasiri wote walikuwa nao. Walichotofautiana ni jibu la swali moja: nimekuja hapa kufanya nini? Na swali hilo halijibiki kilomita ya 17. Kilomita ya 17 unachojua ni kwamba mguu unauma.

Hilo ndilo nililokuja nalo leo. Kikwazo kinapokupata, hakimu asiyefaa kuliko wote ni wewe uliye ndani yake. Umechoka, una hofu, una aibu, na watu wanakutazama. Ukiamua kuendelea, huenda unaendelea kwa ajili ya macho yao. Ukiamua kuacha, huenda unaacha kwa sababu ya usingizi tu. Maamuzi juu ya kikwazo yanatakiwa yafanywe kikwazo kikiwa bado mbali, siku ambayo umeshiba, umelala, na hakuna anayekudai kitu.

Mtanijibu: nitaamuaje juu ya jambo nisilolitarajia? Si ndiyo maana likawa halikutarajiwa?

Hoja nzuri, lakini haiendi mbali. Hebu tazameni mambo yaliyowahi kuwavuruga. Mtoto kaugua. Mzazi kaugua. Zamu za kazini zimebadilishwa. Fedha zimekatika katikati ya muhula. Mtihani umesogezwa mbele. Kompyuta imekufa na kazi yako yote imo ndani. Mwenzi wako amechoka kukuona na vitabu. Hakuna hata moja hapo ambalo ni geni kwa mtu mzima aliyemo humu. Kitu tusichokijua ni siku na saa. Kwamba mojawapo litakuja, hilo tunalijua fika, ila tunapopanga ratiba tunaliweka kando kana kwamba ratiba yetu itapita kwenye dunia nyingine.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 wanasaikolojia watatu, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Waliwauliza: utamaliza baada ya siku ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa siku 34 hivi. Wakawauliza tena: na kila kitu kikienda mrama kadiri kinavyoweza kwenda mrama? Wakasema siku 49 hivi. Walipomaliza kweli, wastani ulizidi siku 55. Sikieni vizuri hapo. Hata walipoombwa wawaze mabaya matupu, mabaya yao yalikuwa mazuri mno.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameuandika udhaifu huu tangu mwaka 1979, na wala si wa wanafunzi peke yao. Jumba la opera la Sydney lilitarajiwa kukamilika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilikamilika mwaka 1973 kwa dola milioni 102. Wahandisi wale hawakuwa wajinga. Walifanya tunachofanya sote: waliutazama mpango wao kutoka ndani, hatua baada ya hatua, na ukiutazama kutoka ndani kila hatua inaonekana inawezekana. Hatuulizi swali la mtu wa nje: wengine waliofanya kitu kama hiki walichukua muda gani?

Kwa hiyo ukitaka kujua utamaliza lini, usiulize ratiba yako. Muulize aliyekutangulia mwaka mmoja. Mwulize alipanga miezi mingapi na ikawa mingapi, na nini kilimkwamisha. Atakujibu kwa furaha; watu hupenda kusimulia walivyosumbuka.

Kuna zoezi jingine ambalo Gary Klein, mtafiti wa namna watu wanavyofanya maamuzi, alilieleza kwenye makala ya mwaka 2007, nami nalipenda kwa kuwa halina gharama. Jione uko mwaka mmoja mbele. Lengo lako limeshindikana kabisa, limekufa, limezikwa. Sasa andika lilikufa kwa sababu gani. Angalia tofauti: huulizi "ni nini kinaweza kuharibika?" Ukiuliza hivyo, akili inajitetea, inasema mambo yatakuwa shwari. Ukisema "limeshaharibika, eleza", akili inaacha utetezi na kuanza ushahidi. Mtu aliyekuwa haoni tatizo lolote utamwona anaandika bila kuinua kichwa: nilikubali zamu za usiku, nilikuwa nasomea kitandani, sikumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba nina mtihani.

Ukishayapata hayo, ndipo unapoandika masharti yako. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, ameyachunguza kwa miaka mingi mapatano ambayo mtu hufanya na nafsi yake kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile". Katika utafiti mmoja aliochapisha na Veronika Brandstätter mwaka 1997, wanafunzi walitakiwa waandike ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi, wakati ambapo hakuna mwanafunzi mwenye hamu ya kuandika chochote. Walioambiwa wataje mapema wataandikia wapi na saa ngapi, zaidi ya theluthi mbili waliandika kwa wakati. Ambao hawakutakiwa kutaja, ni kama theluthi moja tu. Mwaka 2006, Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya pamoja matokeo ya tafiti 94 za namna hii, na faida ilionekana kwa upana wake.

Siri ya mapatano haya ni kwamba yanakuondolea mjadala. Zamu imebadilika: mtu asiye na mapatano anaanza kujadiliana na nafsi yake saa nne usiku, na saa nne usiku nafsi hushinda daima. Mwenye mapatano hana cha kujadili. Ameshaandika: "Nikiwekwa zamu ya usiku, nitasoma nusu saa kabla ya kuondoka nyumbani, mezani, simu ikiwa chumba kingine." Hapo jambo limekwisha. Andikeni hivyo hivyo, kwa udogo huo. Mapatano ya "nikipata shida nitajitahidi zaidi" ni maneno ya kujifariji tu.

Sasa nafika kwenye sehemu ngumu, na nitakaa hapa kidogo, kwa maana ndipo watu wema wengi wanapoumia.

Wazee wetu wamesema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Naiheshimu methali hii. Imewavusha watu wengi kwenye siku za uvivu. Lakini wazee hawakutuambia la kufanya ukishavua nguo ukaona mamba. Mimi nadhani unavaa nguo zako unarudi, na jioni unawasimulia watu.

Shida ni kwamba kadiri ulivyovua nguo nyingi ndivyo unavyomwona mamba mdogo. Hal Arkes na Catherine Blumer, katika makala yao ya mwaka 1985, waliwachukua watu waliokuwa wakinunua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza. Baadhi walitozwa bei kamili, wengine, waliochaguliwa kwa bahati nasibu tu, wakapunguziwa. Tiketi ni zilezile, michezo ni ileile. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi. Fedha zilikwishatoka, hazirudi, uende au usiende. Hata hivyo zilikuwa zinawaburuta watu ukumbini. Ndivyo miaka miwili ya masomo inavyoweza kumburuta mtu kwenye mwaka wa tatu wa kozi ambayo anajua moyoni kwamba haitampeleka anakotaka.

Wapanda milima wana utaratibu ambao natamani tuuazime. Wanapokwenda kileleni Everest, viongozi wengi huweka saa ya kugeuka, mara nyingi saa saba au saa nane mchana. Ikifika saa hiyo, hata kama kilele unakiona, unageuka, kwa maana safari ya kushuka nayo inataka mwanga, hewa na nguvu. Saa hiyo huwekwa chini, kambini, kabla mtu hajachoka. Na ubaya wake ni huu: ni rahisi sana kuivunja ukiwa juu. Tarehe 10 Mei 1996 wapandaji kadhaa waliendelea kwenda kileleni baada ya saa nane. Dhoruba ikaja. Siku ile na usiku wake watu 8 walikufa pande mbili za mlima ule.

Mwezi huohuo, mlima huohuo, alikuwepo Mswidi mmoja, Göran Kropp. Huyu alikuwa ameondoka Uswidi mwezi Oktoba 1995 kwa baiskeli. Ndiyo, baiskeli, kutoka Ulaya ya kaskazini mpaka Nepal. Alitaka kufika kileleni bila hewa ya mitungi na bila wabebaji. Mwanzoni mwa Mei alifika kama mita 100 chini ya kilele. Mita mia! Umeendesha baiskeli kuvuka mabara mawili, umepanda karibu mlima wote, umebakiza mita mia. Nani kati yetu angegeuka? Yeye alitazama saa, akatazama nguvu zilizobaki, akageuka. Tarehe 23 Mei, baada ya mlima kuua watu, alirudi na kufika kileleni.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba anayegeuka hulipwa kilele wiki tatu baadaye. Wengine waliogeuka hawakurudi tena, na waliishi, wakazeeka, ambalo nalo ni jambo. Ninachokitazama ni kwamba zile kilomita zote za baiskeli hazikupiga kura pale juu. Kropp aliuliza kilichobaki mbele yake, hakuuliza alichokwishatumia.

Kila mmoja wenu mwenye lengo anahitaji saa yake ya kugeuka. Sharti iwe na tarehe au kipimo, na iwe imeandikwa. "Nikishindwa somo hili mara mbili mfululizo baada ya kuhudhuria vipindi vyote, nitabadilisha kozi." "Biashara isipojilipia yenyewe kufikia Desemba, nitaifunga bila kukopa tena." Na ikiwezekana karatasi hiyo ashike mtu mwingine, kwa sababu mkono ulioandika ndio utakaofuta.

Baadhi yenu mnaona hii ni lugha ya kushindwa. Nimelisikia hilo mara nyingi. Naona ni kinyume chake. Asiyejua ataacha lini hutumia nusu ya nguvu zake kila siku kujiuliza aache au asiache. Mwenye saa ya kugeuka yuko huru mpaka saa hiyo. Swali amelifungia kabatini. Siku mbaya ikija, anajiambia: leo si siku ya kuamua. Na kesho yake anakwenda darasani.

Je, ukishageuka? Hapo nawarudisha kwa Bikila, maana maisha yake hayakuishia Mexico. Mwaka 1969 alipata ajali ya gari, na miguu ile haikutembea tena. Kama lengo lake lingekuwa marathoni tu, hadithi ingeishia kitandani. Mwaka 1970 alishiriki upigaji mishale kwenye mashindano ya Stoke Mandeville kule Uingereza, mashindano ambayo Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ilichipuka kwayo, na mwaka uliofuata, nchini Norwei, alishindana kwa kigari cha theluji kinachokokotwa na mbwa. Alifariki mwaka 1973, akiwa na miaka 41. Sitaki kuipaka sukari habari hii. Ni habari ya huzuni. Ila inanionyesha kwamba kuachia na kushika tena ni kazi mbili. Carsten Wrosch na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, walizitenganisha kazi hizo: uwezo wa kuachia lengo lisilofikika, na uwezo wa kushika jingine lenye maana. Waliokuwa nao walikuwa na hali njema zaidi ya moyo. Anayeachia bila kushika kitu kingine hubaki mikono mitupu, na mikono mitupu hurudi kwenye kitu kilekile.

Mara nyingi hata hivyo lengo halijafa. Njia ndiyo iliyofungwa, nasi tumeizoea njia hata tukaipa jina la lengo. Eliud Kipchoge tunamjua leo kama mtu wa marathoni. Lakini mwaka 2012 alikuwa mkimbiaji wa uwanjani. Bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18, mwaka 2003 jijini Paris. Shaba ya Olimpiki Athens 2004, fedha Beijing 2008. Halafu ikaja London 2012, na akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ya riadha yalikuwa kwenye kiwanja kile, ungedhani habari zimekwisha. Mwaka huohuo akaingia barabarani, nusu marathoni. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Yaliyofuata mnayajua: dhahabu ya Olimpiki Rio 2016 na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na jijini Vienna, Oktoba 2019, kilomita 42 chini ya saa mbili, ingawa muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi.

Watu hupenda kumalizia hapo kwa kusema "kumbe kukosa London ilikuwa baraka". Mimi siendi huko. Kuna wakimbiaji wengi waliokosa timu ile na hakuna anayewasimulia. Kikwazo hakina ahadi ndani yake. Jambo la kujifunza ni dogo zaidi na linatufaa zaidi: alichokuwa nacho, mapafu, nidhamu, mazoezi ya miaka kumi, hakikuwa mali ya mita 5,000. Kiliweza kuhamishwa. Jiulizeni katika mnachokifanya sasa ni kipi kinaweza kuhamishwa hata kozi yenyewe ikifungwa mlango. Tabia ya kukaa chini kusoma kila siku inahamishika. Kuandika vizuri kunahamishika. Cheti peke yake mara nyingi hakihamishiki.

Tena, si kila kikwazo ni cha kuinamiwa. Naona ni lazima niliseme hili, kwa sababu hotuba za "jifunze kubadilika" zina ubaya wake: humwambia aliyenyimwa haki kwamba kasoro ni yake, hajui kujirekebisha. Mwaka 1982 Wangari Maathai aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwa hoja ya kwamba hakuwa ameandikishwa kupiga kura. Aliporudi kuomba kazi yake, alikataliwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aiache. Hapo alibadilika: nguvu zake zote akazipeleka kwenye Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977. Lakini mwaka 1989, ulipoletwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, hakubadilika hata kidogo. Aliandika barua, akakejeliwa bungeni, akaendelea kuandika, na mwishowe mradi ukaachwa. Mtu mmoja, vikwazo viwili, majibu mawili. Mahali pa kazi panapokunyima ruhusa uliyostahili ya kufanya mtihani, usianze kwa kununua kitabu cha kujifunza uvumilivu. Anza kwa kusoma mkataba wako.

Nimesema mengi juu ya vikwazo vikubwa, na nachelea mtaondoka mkidhani ndivyo vinavyoangusha watu. Kwa nilivyoona miongoni mwa watu wazima wanaosoma, kinachoangusha ni kitu kidogo na kinachofuata baada yake. Umekosa kipindi cha Jumatatu. Sawa. Jumanne unajiambia, wiki imeshaharibika, nitaanza upya Jumatatu ijayo. Jumatatu ijayo inakukuta umebaki nyuma, unaona aibu kwa mwalimu, hutokei. Kwa nilivyowafuatilia, walioacha masomo kwa mtindo huu ni wengi kuliko walioacha kwa msiba.

Janet Polivy na Peter Herman waliichunguza hali hii kwa watu wanaojinyima chakula ili wapungue. Waliopewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa kilichovunja mwiko wao hawakula kidogo baadaye ili kufidia. Wakala aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Mwiko umeshavunjika, basi liwalo na liwe! Hasara ya kinywaji kimoja ilikuwa ndogo. Hasara kubwa ililetwa na hilo liwalo na liwe.

Na hofu ya siku moja iliyopotea haina msingi mkubwa. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku. Ilichukua kama siku 66 kwa mtu wa katikati, huku tofauti baina ya watu zikiwa kubwa sana, kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Jambo lililonipendeza zaidi ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana. Siku moja ni siku moja tu. Kwa hiyo katika mapatano yenu, la kwanza kabisa liwe la siku ya pili. "Nikikosa leo, kesho nitafungua daftari kwa dakika kumi, hata kama sielewi kitu." Dakika kumi hazitakufaulisha mtihani. Zitakurudisha kwenye kiti, na ukishakuwa kwenye kiti mambo mengine hujipanga.

Wale mnaofundisha, nanyi mna sehemu yenu. Anayerudi baada ya kutoweka, mpokeeni bila maswali ya mbele za watu. Mnaoishi nao nyumbani, msiwaulize "umefikia wapi?" kila jioni. Waulizeni tarehe ya mtihani, muiandike ukutani, na siku mbili kabla yake chukueni watoto.

Sasa tutende, maana maneno nimeyamaliza. Kila mmoja ana karatasi na kalamu mbele yake. Nawapa dakika kumi na tano. Juu kabisa andika umekuja hapa kufanya nini, kwa sentensi moja, bila kutaja jina la cheti. Chini yake andika sababu tatu zilizoliua lengo hilo mwakani, kama tulivyosema. Kwa kila sababu, andika "likitokea hili, nitafanya lile", pamoja na mahali na saa. Mwisho kabisa, saa yako ya kugeuka, yenye tarehe. Ukimaliza, mpe aliye kulia kwako aisome. Kazi yake ni moja tu: kila penye neno "nitajitahidi", apige mstari na akurudishie uandike upya.

Baadaye tutachukua maswali. Anzeni.